Kusoma falsafa na siasa chuo kikuu, mwaka mmoja ukiwa nje: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Shahada ya falsafa na siasa yenye mwaka mmoja nje ina mtego ambao vipeperushi vya vyuo huwa havikuambii: utakuwa mwanafunzi wa idara mbili, na mwenye idara mbili mara nyingi hana mwenyewe. Idara ya falsafa itaidhinisha kozi zake, ya siasa zake, halafu ofisi ya wanafunzi wa kimataifa itakuuliza kwa nini fomu yako bado haijakamilika. Wanaoumaliza mwaka ule salama ni wale waliojua mapema wanakwenda kutafuta nini. Ndiyo maana hapa tunaanza na swali, tunaendelea na chuo, na nchi inakuja mwisho. Wengi huanza na nchi, wakarudi na picha nzuri na transkripti mbovu.

Ninamwandikia zaidi kijana aliyemaliza kidato cha sita Tanzania, au mwenye KCSE Kenya, au UACE Uganda, pamoja na watoto wetu waliokulia Ulaya ambao wazazi wao wanauliza, "Falsafa? Utakula nini?" Mfano wangu mkubwa ni Uingereza, kwa kuwa mtindo wa kusoma falsafa na siasa bega kwa bega umekita mizizi kule tangu Oxford ilipoanzisha shahada yake ya falsafa, siasa na uchumi miaka ya 1920. Ila kuna njia nyingine, na moja inaanzia hapahapa nyumbani.

Kwanza: ujue unachokwenda kusoma

Upande wa falsafa utakutana na mantiki, maadili, nadharia ya maarifa na falsafa ya siasa. Upande wa siasa kuna mifumo ya serikali, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, na kitu kinachowashtua waliokimbia hesabu: mbinu za utafiti, zenye takwimu ndani. Mantiki nayo ina alama na uthibitisho wake. Ukiiona mara ya kwanza utadhani umekosea darasa.

Kazi yenyewe ikoje? Chukua swali moja linalofundishwa karibu kila mahali: je, raia anawajibika kutii serikali kwa sababu ameikubali? John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alisema ndiyo, hata kama hujawahi kutia sahihi popote. Mwenye ardhi, aliyepanga chumba kwa wiki moja, hata anayepita tu barabarani, amekwisha kukubali kimyakimya. David Hume, Mskoti, alimjibu mwaka 1748: huyu maskini asiyejua lugha ya nchi nyingine, anayeishi kwa ujira wa siku kwa siku, utasemaje kwamba amechagua kubaki? Mtu amebebwa usingizini, amepandishwa melini, anaamka yuko katikati ya bahari. Utasema ameukubali utawala wa nahodha kwa kuwa hajajitosa majini?

Anayesoma siasa peke yake atakimbilia matokeo ya tafiti kama za Afrobarometer, apime wananchi wangapi wanaiamini serikali yao. Wa falsafa peke yake atabishana juu ya maana ya kukubali. Wewe utatakiwa kufanya yote mawili ndani ya insha moja ya maneno 2,000: watu wengi wakisema wanaiamini serikali, hiyo ni ridhaa, au ni yule mtu wa melini anasema bahari leo imetulia? Kama swali la aina hii linakunyima usingizi, shahada hii ni yako. Kama linakuchosha, kuna sheria, kuna uchumi, kuna utawala wa umma, na hakuna aibu yoyote kwenda huko.

Sasa andika swali lako, moja au mawili, kwa maneno yako. Mfano: chama kimoja kinaweza kuwa cha kidemokrasia? Tanzania iliishi kisheria chini ya chama kimoja kuanzia 1965 hadi 1992, na Nyerere aliutetea mfumo ule kwa hoja, si kwa amri tu. Au: nani ana haki zaidi ya ardhi, aliyetangulia au anayeilima? Au: baada ya mauaji, taifa lichague mahakama au maridhiano? Kila swali lina nchi zake. La maridhiano linakuelekeza Afrika Kusini au Rwanda. La lugha na jamii ndogo linakuelekeza Ubelgiji au Kanada. La dola kuwajibika kwa maisha ya raia linakupeleka Sweden au Denmark. Ukilishika swali, uamuzi unaofuata unakuwa mwepesi zaidi.

Pili: chagua mfumo wa shahada

England shahada ya kwanza ni miaka mitatu, na mwaka wa nje unaifanya minne. Utakwenda mwaka wa tatu, urudi umalizie wa nne. Kwenye mfumo wa maombi wa UCAS kozi ileile mara nyingi huorodheshwa mara mbili, ya mitatu na ya minne. Anayetoka kwetu aombe ya minne tangu mwanzo. Kushuka kutoka minne kwenda mitatu ni suala la fomu, lakini kupanda kutoka mitatu kwenda minne maana yake viza yako itaisha kabla ya masomo, na utaingia gharama za kuiongeza.

Uskoti shahada ya kwanza ya kiwango cha "honours" ni miaka minne tayari, na mwaka wa nje mara nyingi huingia ndani ya hiyo minne, kwa kawaida mwaka wa tatu. Hapo huongezi mwaka wa ada. Vyuo vikongwe vya kule, kama Edinburgh, Glasgow na St Andrews, huita hata shahada ya kwanza ya sanaa "MA", kwa hiyo usishangae, na uwe tayari kuwaeleza waajiri huku. Nyerere alisomea MA ya namna hiyo Edinburgh kati ya 1949 na 1952, na falsafa ya maadili ilikuwa miongoni mwa masomo yake.

Oxford, pamoja na jina lake lote, shahada yake ya falsafa, siasa na uchumi ni miaka mitatu bila mwaka wa nje. Kama mwaka wa nje ndio unaokuvuta, usiombe jina.

Ufaransa kuna Sciences Po, ambako mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ni wa nje kwa kila mwanafunzi. Kampasi yake ya Reims ina programu ya Afrika na Ulaya, na kati ya michepuo ya shahada upo unaochanganya siasa na falsafa, historia na fasihi. Kwa mtu wa swali la ukoloni na dola, mimi ningeiangalia kabla ya vyuo vingi vya London.

Marekani hakuna shahada moja yenye jina hilo. Unachukua masomo makuu mawili, falsafa na sayansi ya siasa, na unakwenda nje mwaka wa tatu au nusu yake. Ni utamaduni wa siku nyingi: Chuo Kikuu cha Delaware kilipeleka kundi lake la kwanza Ufaransa mwaka 1923. Faida kubwa ni kwamba vyuo vyenye msaada mnene wa kifedha mara nyingi vinakuruhusu uende na msaada wako huko nje. Kasoro ni ushindani wa kuupata.

London kipo chuo cha SOAS, kinachofundisha falsafa za dunia, za Afrika, India, China na Uislamu zikikaa meza moja na za Ulaya. Kiswahili nacho kinafundishwa pale. Kwa mtoto wa Kiswahili aliyekulia Birmingham au Toronto asiyetaka kusoma Wagiriki tu, ni pa kupaangalia.

Njia ya nyumbani, ambayo wengi hawaijui

Unaweza kusoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, ambako siasa na falsafa zote zipo, kisha ukaenda Ulaya muhula mmoja au mwaka kupitia mpango wa Erasmus+ wa kubadilishana wanafunzi na nchi zilizo nje ya Ulaya. Erasmus ilianza 1987 kwa nchi za Ulaya zenyewe. Siku hizi chuo cha Ulaya kikiwa na makubaliano na chuo chako, kinaweza kukupokea kwa miezi kadhaa hadi 12, hulipi ada kwao, na unapewa posho ya takribani euro 800 hadi 900 kwa mwezi pamoja na mchango wa nauli.

Shida ni kwamba nafasi ni chache na hazitangazwi kwa kelele. Tangazo hubandikwa ofisi ya mahusiano ya kimataifa au kwenye tovuti ya chuo, linakaa wiki chache, basi. Makubaliano mengi ni ya idara kwa idara, kwa hiyo nafasi ya wahandisi haikuhusu. Nenda ofisini mwaka wa kwanza, muhula wa pili, ukaulize maswali mawili tu: idara ya siasa ina makubaliano na vyuo gani, na ya falsafa na vyuo gani? Waliopata nafasi hizi ninaowafahamu walikuwa na vitu vitatu mkononi siku tangazo linatoka: pasipoti, transkripti ya muda yenye mhuri, na mhadhiri mmoja aliyewafahamu kwa jina. Ukianza kutafuta pasipoti siku hiyo, nafasi imekwenda.

Kiukweli, kwa familia nyingi hii ndiyo njia ya akili. Nyingine zote zilizobaki kwenye mwongozo huu zinahitaji pesa nyingi au ufadhili.

Tatu: sifa za kuingia

UACE ya Uganda inatambulika vizuri Uingereza. Kidato cha sita cha Tanzania baadhi ya vyuo hukipokea moja kwa moja, vingine hutaka mwaka wa matayarisho kwanza. KCSE peke yake, kwa vyuo vingi, haikufikishi mwaka wa kwanza: utahitaji mwaka wa matayarisho, au A-Level, au mwaka mmoja wa chuo kikuu Kenya. Usiamini wakala kwenye hili. Fungua ukurasa wa nchi yako kwenye tovuti ya chuo, na kama hauko wazi waandikie barua pepe, uhifadhi jibu.

Si lazima uwe umesoma falsafa. Mwenye tahasusi za sanaa za Tanzania, kama HGL, HKL au HGE, yuko sawa. Kiingereza, vyuo vingi hutaka IELTS ya 6.5 hadi 7. Vingine hukubali alama yako ya Kiingereza ya shuleni, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia mtihani.

Nne: maombi

UCAS inakupa nafasi tano za kozi kwa fomu moja, kwa ada isiyofika pauni 30. Oxford na Cambridge tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Nyingine ni katikati ya Januari. Unahitaji mwalimu wa kukuandikia barua ya utambulisho, na hapa shule zetu nyingi hukwama: mkuu wa shule anaandika "ni kijana mwenye nidhamu na mtiifu". Utiifu hausaidii kwenye falsafa. Mpelekee karatasi fupi yenye mambo uliyofanya darasani kwake, mijadala uliyobishana, insha uliyoandika, ili awe na cha kusema.

Tangu maombi ya kuanza masomo 2026, maelezo binafsi yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nini kingine umefanya nje ya darasa. Jumla ni herufi 4,000 zikiwemo nafasi. "Tangu nikiwa mdogo nimependa siasa" futa. Andika jambo uliloliona na swali ulilobaki nalo. Tuseme ulihudhuria mkutano wa kijiji uliojadili eneo la malisho: wafugaji wanasema njia ya kwenda mtoni ni yao tangu enzi za babu, wakulima wanasema wana hati, mwenyekiti anaita kura, wakulima ni wengi, wanashinda. Kura ya wengi inatosha kumnyima mtu njia ya maji? Ukiandika hilo kwa sentensi nne, kisha ukasema hoja gani ilikubadilisha mawazo na ipi haikukuridhisha, umeshafanya falsafa na siasa mbele ya macho ya anayekusoma.

Tano: pesa

Ada ya mwanafunzi wa kimataifa kwenye masomo haya Uingereza kwa kawaida ni kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa mwaka, na kwenye vyuo vyenye majina hupita hapo. Mwaka wa nje una bei yake. Mwanafunzi wa nyumbani England hatozwi zaidi ya asilimia 15 ya ada kwa mwaka mzima wa nje, lakini kikomo hicho hakikuhusu wewe wa kimataifa. Kila chuo kinajipangia. Uliza kwa maandishi, kabla hujakubali nafasi, ada ya mwaka wa tatu ni kiasi gani na inalipwa kwa nani.

Ufadhili: Chevening ni wa shahada ya uzamili, usipoteze muda nao sasa. Oxford ina Reach kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nchi za kipato cha chini, nafasi chache mno. Vyuo vingi vina punguzo la elfu chache za pauni kwa wanafunzi wa kimataifa, ambalo ni jema lakini halibadilishi hesabu ya familia isiyo na kitu. Anayehitaji ufadhili kamili aelekeze nguvu Marekani, kwenye vyuo vinavyotoa msaada kulingana na uwezo wa familia, au kwenye ile njia ya nyumbani.

Sita: viza ya Uingereza

Viwango hivi ni vya mwishoni mwa 2025; hakiki kabla ya kulipa, hupanda.

Chuo kikishakupa CAS, ambayo ni namba ya uthibitisho wa udahili, utalipa pauni 524 za maombi na pauni 776 kwa kila mwaka za huduma ya afya. Ada ya afya inalipwa yote mapema, kwa urefu wote wa viza, ukiwemo mwaka ambao hutakuwepo Uingereza. Kwa kozi ya miaka minne, kwa kuwa viza huizidi kozi kwa miezi michache, hesabu pauni 3,400 na ushee za afya peke yake. Hapa ndipo watu hukaa chini.

Kisha uonyeshe ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki pamoja na pesa za kuishi miezi tisa: pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, yaani 10,539, au 1,529 ndani ya London, yaani 13,761. Zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Akaunti iwe yako, au ya mzazi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Ya mjomba haihesabiki, hata kama ndiye aliyekulea, isipokuwa ana hati ya kisheria ya ulezi. Kama ukoo unachanga, michango iingie kwenye akaunti yako au ya mzazi kwanza, ndipo siku 28 zianze kuhesabiwa. Na mwambie baba asitoe hela ya mbolea kwenye akaunti hiyo siku ya 20.

Waombaji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Dar es Salaam na Nairobi kinafanywa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Kinadumu miezi sita, usikipime mapema kupita kiasi.

Saba: kuuandaa mwaka wa nje ukiwa chuoni

Kazi halisi inaanza mwanzo wa mwaka wa pili, Uskoti na England sawa. Kwa kawaida mikutano ya maelezo ni Oktoba, maombi ya ndani ni kati ya Novemba na Januari, majibu Februari au Machi, kisha chuo chako kinakupendekeza kwa chuo mwenyeji, nacho kinakutaka uombe upya kwao. Vyuo vingi hudai wastani fulani wa alama, mara nyingi asilimia 60, na hapo alama zako za mwaka wa kwanza, ambazo wenzako wanasema "hazihesabiki", zinahesabika sana. Madesa hayatakufikisha, insha za falsafa huandikwa na aliyesoma, si aliyekariri.

Ukipewa orodha ya vyuo wenza, jambo la kwanza angalia makubaliano yanahusu idara gani. Chuo kinaweza kuwa mwenza wa idara ya siasa na kisiruhusu wageni kuchukua kozi za falsafa. Ukifika huko utabaki na nusu ya shahada. Fungua orodha ya kozi za mwaka unaoendelea, andika unazozitaka kutoka kila upande, halafu ongeza za akiba karibu nusu ya hizo, kwa sababu wiki ya kwanza lazima moja itafutwa na nyingine itagongana na ratiba. Mwaka mzima ni krediti 60 za Ulaya, sawa na 120 za Uingereza.

Angalia kalenda. Ujerumani muhula wa baridi unaanza Oktoba na madarasa ya muhula wa kiangazi yanamalizika Julai. Cape Town mwaka wa masomo ni Februari hadi Novemba, kwa hiyo ukienda Julai utaanza na muhula wao wa pili na kumalizia na wa kwanza wa mwaka unaofuata, na kozi zilizopangwa kufuatana zitakuja kinyume. Lugha nayo: Uholanzi na nchi za Skandinavia zina kozi nyingi za Kiingereza, Ufaransa, nje ya programu maalumu, jiandae kwa Kifaransa cha kweli. Mkongo wa Bukavu au Mrundi wa Bujumbura ana faida hapa ambayo Mtanzania hana.

Mkataba wa masomo, yaani karatasi ya kozi utakazosoma huko nje, utiwe sahihi na idara zote mbili. Ukibadilisha kozi baada ya kufika, andikia zote mbili, subiri "ndiyo" ya maandishi, uihifadhi. Rafiki yangu alibadilisha kozi moja kwa kukubaliana na mhadhiri mmoja kwenye korido. Mhadhiri akaenda likizo ya utafiti, na krediti zile zilimsumbua hadi mwaka wa mwisho.

Halafu uliza kuhusu alama. Je, za mwaka wa nje zinaingia kwenye daraja la shahada, au ni kufaulu na kufeli tu? Kama zinaingia, zinabadilishwaje? Ujerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ni kuponea chupuchupu. Ufaransa wanapima kwa 20, na 14 ni alama ya kujivunia. Uholanzi wanapima kwa 10, na ukipata 8 piga simu nyumbani. Jedwali la kubadilishia lisipokuwa la haki, 14 yako ya Ufaransa inageuka kuwa asilimia 70 au 58 kutegemea aliyelitunga. Liombe ulione kabla ya kuchagua chuo.

Nane: viza ya pili

Viza ya Uingereza haikupi haki ya kusoma Ufaransa wala Ujerumani. Utaomba viza ya muda mrefu ukiwa Uingereza, majira ya joto, wakati kila mtu anaomba, na pasipoti yako itakaa ubalozini kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kiangazi kile usipange kwenda nyumbani hadi uirudishiwe mkononi. Ujerumani hutaka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, unayoruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi. Ufaransa, ukishafika, una miezi mitatu ya kuithibitisha viza mtandaoni. Ukisahau, unakuwa huna kibali. Marekani ni viza ya J-1: chuo mwenyeji kinakutumia fomu ya DS-2019, unalipa ada ya SEVIS dola 220, kisha usaili.

Nyumba tafuta siku ileile unayokubaliwa, hasa Amsterdam na Paris. Usitume amana kwa mtu ambaye hujaona mkataba wake.

Tisa: ukiwa huko

Darasa litabadilika kuliko chakula. Ufaransa utatakiwa kusimama na kutoa hoja kwa dakika kadhaa, kwa mpangilio wanaouheshimu karibu kama ibada, na wazo zuri lililokosa mpangilio litapata alama mbaya. Ujerumani kazi ndefu ya muhula huandikwa baada ya madarasa kwisha, wakati wa likizo. Usikate tiketi ya kurudi mapema ukadhani umemaliza. Marekani kuna alama za kuzungumza darasani, na sisi tuliolelewa kunyamaza mwalimu anapoongea tunazipoteza bila sababu. Andaa swali moja kabla ya kila kipindi, ulitoe ndani ya robo saa ya kwanza.

Kwenda Afrika pia ni mwaka wa nje, na kwa swali fulani ndiko pa kwenda. Kwasi Wiredu, aliyefundisha Legon, Ghana, alitetea demokrasia ya makubaliano isiyo na vyama. Henry Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alizunguka kuwahoji wazee wenye busara ili kuonyesha kwamba falsafa ilikuwepo bila maandishi. Ukiyasoma hayo Accra au Nairobi, darasani wapo watakaokubishia kwa mifano ya kwao, na ubishi ule huwezi kuupata kwenye maktaba ya Leeds.

Anza kukusanya nyenzo za tasnifu. Kama unataka kuhoji watu, kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako lazima ikuruhusu kwanza, na kibali cha nchi kinaombwa kando kwenye tume ya sayansi na teknolojia: COSTECH Tanzania, NACOSTI Kenya. Mahojiano uliyofanya bila kibali, hata yawe mazuri namna gani, hutaruhusiwa kuyatumia.

Kumi: kurudi na kumaliza

Kabla hujaondoka chuo mwenyeji, lipa kila deni la maktaba na hosteli, maana transkripti huzuiwa kwa vitu vidogo hivyo. Chukua muhtasari rasmi wa kila kozi uliyosoma, si majina tu. Mwaka wa mwisho idara zote mbili zitakutaka tasnifu au kazi ndefu. Kubaliana mapema ni idara ipi inaisimamia na ipi inasoma kama msahihishaji wa pili.

Anayetaka kubaki Uingereza kufanya kazi ajue kwamba viza ya wahitimu, iliyokuwa ya miaka miwili, ni miezi 18 kwa wanaoomba kuanzia 1 Januari 2027. Anayerudi, shahada inapelekwa kutambuliwa na mamlaka ya nchi: TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa Tanzania, na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma, kwa Kenya. Peleka cheti, transkripti ya chuo chako na ya chuo mwenyeji, ile mihtasari ya kozi, na barua ya chuo inayoeleza kwamba mwaka wa nje ulikuwa sehemu ya shahada. Barua hiyo iombe kabla ya mahafali, wakati afisa anayekufahamu bado yuko ofisini.